Kuanza Wimbo Siku Ambayo Moyo Hautaki

Mazungumzo ya mwalimu wa zamani wa kwaya katika semina ya maandalizi ya Jubilei ya Fedha





Kamati ya Jubilei iliniomba nizungumze juu ya historia ya kwaya yetu. Niliwaambia historia wako wanaoikumbuka vizuri kuliko mimi, na mtaisoma katika kijitabu cha sherehe. Mimi niliomba nafasi ya kusema jambo moja tu: wimbo huanzaje? Hasa, wimbo huanzaje siku ambayo mtunzi hana hamu yoyote ya kutunga?

Nitawaambia kwa nini nimechagua jambo hili. Majuzi nilifungua kabati letu la kwaya, lile la mbao pale sakristia, nikatoa faili ya kijani. Ndani yake mna nyimbo zilizotungwa na wanakwaya wetu wenyewe tangu mwanzo. Za miaka kumi ya kwanza ni nyingi hata kamba ya faili imekatika. Nyingine zimepigwa chapa kwa stensili, nyingine zimeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari la hesabu, na solfa zake zimefutwa na kuandikwa tena mara tatu. Nilipofika miaka saba ya mwisho nilikuta nyimbo mbili. Moja haijamalizwa.

Sisemi kwamba hatuimbi. Tunaimba vizuri kuliko zamani, na siwaonei haya kusema hivyo. Lakini wimbo tunaupakua kwenye simu Jumatano, na Jumapili tunauimba. Ni nyimbo nzuri za ndugu zetu wa parokia nyingine na wa Tanzania, na Kanisa ni moja. Ila kuna shukrani ambazo hakuna mtunzi wa mbali awezaye kututolea. Nani atatunga juu ya ule mwaka tuliosali chini ya turubai, paa likiwa limebebwa na upepo? Nani atamwimbia Mungu juu ya wazee wetu waliobeba mawe ya msingi huu kwa mikono? Tusipotunga sisi, hayo yatakwenda kaburini pamoja na sisi.

Nimewauliza vijana kadhaa wenye kipaji: mbona hamtungi? Jibu ni lilelile. "Mwalimu, hamu hakuna." Mmoja aliniambia anasubiri Roho amshukie. Siwacheki, kwa sababu nami nilikaa miaka mitatu bila kuandika hata mstari mmoja.

Wengi wenu mnamkumbuka rafiki yangu wa sauti ya nne, ambaye leo hayuko nasi. Yeye alikuwa na maneno, mimi nilikuwa na sauti. Aliniletea beti zake Jumatatu jioni zimekunjwa mfukoni, na kufikia Jumatano tulikuwa na kitu cha kujaribu. Tulipomzika, mlimwimbia vizuri sana. Mimi nilisimama mbele yenu nikapiga mkono kama kawaida, halafu nikaenda nyumbani nikafunga daftari. Kila nilipolifungua niliona upande wake mtupu. Nikajiambia: kipaji kimekwisha, kilikuwa chake.

Kilichonigutusha ni Zaburi ya 137. Mnaijua habari yake: watu wamechukuliwa mateka Babeli, wanaketi kando ya mito wakilia, vinubi wamevitundika kwenye miti, na waliowateka wanawataka waimbe. Wanauliza watawezaje kuimba katika nchi ya ugeni. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi, lakini siku hiyo niliona jambo jipya. Watu hao wanasema hawawezi kuimba, na maneno hayohayo ya kusema hawawezi ndiyo yamekuwa zaburi. Tunaiimba mpaka leo. Walianza na kitu pekee walichokuwa nacho, nacho kilikuwa huzuni.

Kwa hiyo neno langu la kwanza ni hili: usingoje hamu ndipo uanze. Mara nyingi hamu huja nyuma ya kazi, kama joto linavyokuja nyuma ya jembe asubuhi ya baridi.

Waliotutangulia walilijua hilo. Johann Sebastian Bach, Mlutheri wa Ujerumani, alianza kazi ya kuongoza muziki wa kanisa mjini Leipzig mwaka 1723. Katika miaka yake ya kwanza pale alitoa kantata mpya karibu kila Jumapili. Hebu fikirini, na nyumbani alikuwa na watoto wengi na wanafunzi wa kufundisha. Sidhani kila Jumatatu aliamka na hamu. Lakini kwenye karatasi zake nyingi, kabla ya nota ya kwanza, aliandika herufi mbili, J.J., yaani kwa Kilatini "Yesu, nisaidie". Mwishoni aliandika S.D.G., "utukufu kwa Mungu peke yake". Karatasi haikuwa tupu tena. Ilikuwa na sala juu yake, na mtu aliyeandika sala ameshaanza kuandika.

Mfano mwingine. Wimbo wa Krismasi unaojulikana kwa Kijerumani kama Stille Nacht ulipata sauti yake tarehe 24 Desemba 1818, katika kijiji cha Oberndorf, Austria. Padre msaidizi Joseph Mohr alikuwa na shairi aliloliandika mwaka 1816. Siku hiyo ya mkesha alimpelekea mwalimu wa shule na mpiga kinanda, Franz Xaver Gruber, amtilie sauti ya waimbaji wawili na gitaa. Usiku uleule ukaimbwa. Gruber hakuwa na nafasi ya kungoja. Alikuwa na maneno mkononi, na watu waliokuwa wakija kanisani saa chache baadaye.

Basi, nije kwenye njia zenyewe. Nitawapa tano, na ya kwanza nitakaa nayo muda mrefu, kwa sababu ukiishika hiyo nyingine zitafuata.

Njia ya kwanza: anza na maneno, na uyasome kwa sauti.

Usikae mbele ya kinanda ukitafuta sauti kutoka hewani. Chukua masomo ya Jumapili ijayo, au zaburi ya siku. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ibara ya 121, uliwahimiza watunzi wachote maneno yao hasa katika Maandiko Matakatifu na katika liturujia. Mimi naona hiyo ni amri, na pia ni huruma kwa mtunzi aliyechoka. Kisima kimeshachimbwa, wewe leta ndoo.

Lakini si lazima uchukue aya nzima. Chagua wazo moja, uliseme kwa maneno yako, sentensi moja ambayo hata mtoto wa Komunyo ya Kwanza ataielewa. Halafu isome kwa sauti mara tatu, polepole, kama unamwambia mtu. Sikiliza sauti yako inapanda wapi na inashuka wapi. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tunasema ba-ra-BA-ra tukitaja njia ya magari. Ukiuhamisha mkazo, ukasema ba-RA-ba-ra, umesema jambo lingine, yaani sawasawa. Mtunzi akiweka nota ndefu na ya juu kwenye silabi isiyo na mkazo, waumini husikia neno limevunjika hata kama hawajui kwa nini. Na mkitunga kwa lugha ya mama, Kikuyu au Dholuo kwa mfano, kuna kazi zaidi, maana huko kupanda na kushuka kwa sauti kwaweza kubadilisha maana ya neno. Msomeeni mzee wa lugha hiyo kabla hamjaimba.

Nitawapa mfano wa kweli, wa wimbo wetu wa Jubilei. Kamati iliniomba wimbo huo mwezi wa Januari nikakataa. Nikasema mtafuteni mwingine. Jumapili moja baada ya Misa nilisimama pale chini ya ngazi za roshani. Mama mmoja wa sauti ya pili, mmoja wa waanzilishi ambaye magoti yake sasa yanamsumbua, alikuwa akishushwa na wasichana wawili, mmoja huku na mwingine huku. Alipofika chini akacheka akaniambia: "Mwalimu, siku hizi tunafika kwa miguu ya wengine."

Nilipanda matatu na sentensi hiyo kichwani. Ilikataa kutoka. Kwaya hii imefikaje miaka ishirini na mitano? Kwa miguu ya wengine. Kanisa hili limefikaje? Hata Injili ilitufikia kwa miguu ya wengine. Nikaanza kuisema kimya kimya, gari likiruka mashimo:

Tumefika leo, kwa miguu ya wengine.

Sikilizeni mkazo: tu-me-FI-ka LE-o, kwa mi-GU-u ya we-NGI-ne. Maneno yenyewe yana mapigo. Nikayapiga kwa kidole kwenye goti. Kabla ya kushuka kituoni nilikuwa na mwendo wa wimbo, na bado sikuwa na nota hata moja.

Njia ya pili: jinyime.

Nilipofika nyumbani hamu ilikuwa imeshakimbia. Nimewaambia, hamu si ya kutegemea. Nikajipa sharti: nota tatu tu, do, re, mi. Hakuna fa, hakuna so. Mtu mwenye nota zote za kinanda mbele yake hupotea kama mtu sokoni asiyejua anachotaka. Mwenye nota tatu ana kazi ndogo, na kazi ndogo huanza. Nikaweka mi kwenye silabi zenye mkazo, nyingine zikapata re na do:

Tu-me-fi-ka le-o: d r m r m r
Kwa mi-gu-u ya we-ngi-ne: d r m r d d r d

Mnaona? Silabi FI, LE na GU zimepanda juu, na NGI imeinuka kuliko jirani zake, ndipo sauti ikarudi nyumbani kwenye do. Ni sauti nyepesi mno. Mtoto wangu wa mwisho aliisikia kutoka jikoni, na kabla ya chakula alikuwa anaiimba. Hapo nikajua iko hai. Baadaye nilifungua mlango nikaingiza so na la kwenye mabeti, na besi nikaitembeza juu ya chodi tatu zile mnazozijua. Lakini mlango ulifunguliwa na nota tatu.

Kujinyima si uvivu. Zaburi ya 119, iliyo ndefu kuliko zote, ina mistari 176, na mtunzi wake alijifunga kwa alfabeti ya Kiebrania: herufi 22, kila herufi mistari minane, na mistari yote minane ikianza kwa herufi hiyo. Mtu angesema kamba hiyo ingemnyonga. Kumbe ndiyo iliyomvusha.

Njia ya tatu: anza na kiitikio, usianze na beti la kwanza.

Vijana wengi huanza na beti la kwanza, kisha wanataka la pili lifanane nalo, wanakwama, wanaacha. Anza na sehemu ambayo watu wote wataimba. Tazameni Zaburi ya 136: ina mistari 26, na kila mstari jibu ni lilelile. Aliyeitunga alikuwa na kiitikio kimoja, kilichobaki ni kuorodhesha matendo ya Mungu: ameumba, ameokoa, amelisha. Ukishakuwa na kiitikio chema, mabeti ni kuhesabu baraka. Katika wimbo wetu wa Jubilei niliyapata mabeti kwa kuuliza tu: ni miguu ya nani? Ya aliyetembea kutoka ng'ambo ya mto kuja mazoezini. Ya aliyebeba kinanda kichwani siku ya mvua. Ya katekista. Ya mama zetu waliotungoja na taa.

Na hapo mkumbuke muumini wa kawaida. Kiitikio kisizidi oktava moja, na kisipande mahali ambapo baba aliyetoka zamu ya usiku hawezi kufika. Solfa tunazosoma zilienezwa katika karne ya 19 na mchungaji Mwingereza John Curwen, kwa kazi iliyoanzishwa na mwalimu Sarah Glover, ili watu wa kawaida na watoto waweze kuimba kwa kusoma. Zilikuja kufungua mlango. Tusizitumie kuufunga.

Njia ya nne: tumia sauti iliyokwisha kuwepo, lakini kwa adabu.

Tarehe 4 Desemba 1963, siku ileile ya hati niliyoitaja, Kanisa lilisema pia kwamba muziki wa asili wa mataifa upewe heshima na nafasi yake katika ibada. Siku nane baadaye, tarehe 12 Desemba, bendera yetu ya Kenya ilipandishwa na Wimbo wa Taifa ukaimbwa. Sauti ya wimbo huo ilitoka wapi? Kamati ya wanamuziki watano, miongoni mwao Graham Hyslop na George Senoga-Zake, iliichukua kutoka kwa wimbo wa kubembeleza mtoto wa Wapokomo, watu wa Mto Tana. Fikirini jambo hilo. Taifa zima linasimama wima kwa sauti ambayo mama alimwimbia mtoto asilie.

Basi ukikwama, muulize nyanya yako alikuwa anaimba nini akikuogesha. Chukua vipande viwili vya sauti hiyo uviweke maneno mapya. Bach mwenyewe alirudia kazi zake: sehemu za Oratorio yake ya Krismasi ya mwaka 1734 zilikuwa muziki aliokwisha kuutunga kwa sherehe za wakuu wa nchi. Na Bikira Maria, katika wimbo wake wa sifa kwenye Luka sura ya kwanza, anafuata nyayo za Hana mama yake Samweli, katika sura ya pili ya Samweli wa Kwanza. Alikuwa na wimbo wa mama mwingine moyoni.

Nasema kwa adabu, kwa sababu mbili. Kwanza, ujue wimbo wa asili ulikuwa wa nini. Kuna nyimbo za jando, za kilio na za vilabuni, na mzee akiisikia sauti hiyo wakati wa matoleo atacheka au atakasirika. Uliza kwanza. Pili, wimbo wa asili ni urithi wa wote, lakini wimbo wa mtunzi aliye hai, au aliyefariki juzi, una mwenyewe. Tuna Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na hata bila sheria tuna amri ya saba. Kubadilisha maneno mawili na kuandika jina lako chini siyo kutunga.

Njia ya tano: andika wimbo mbaya.

Naona mnacheka. Nasema kweli. Weka dakika kumi na tano kwenye simu, andika J.J. juu ya karatasi kama Bach, na uandike wimbo mbaya kwa makusudi. Usifute. Kengele ikilia, acha, hata kama umefika katikati ya mstari. Kesho rudi kwa dakika kumi na tano nyingine. Bandu bandu huisha gogo. Na ukiwa njiani, sauti ikikujia, irekodi kwa kuvumisha tu. Simu yangu ina vipande vingi vya mluzi na honi za matatu. Vingi havifai. Lakini beti la tatu la wimbo wa Jubilei lilitoka humo, kwenye kipande nilichokuwa nimekisahau.

Kinachotuzuia mara nyingi si uvivu. Ni aibu. Tunaogopa kuonekana. Na hapa, ndugu zangu, lazima niungame, maana siwezi kuwapa njia tano nikaficha kwamba mimi mwenyewe nilifunga njia ya mtu.

Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja wa sauti ya tatu aliniletea wimbo wake wa kwanza. Alikuwa ameuandika usiku, kwa penseli. Nilikuwa nimechoka, kwaya ilikuwa imechelewa, na niliusoma nikiwa nimesimama. Nikamwambia mbele ya wote, "Hii solfa haina kichwa wala miguu. Rudi ukajifunze kwanza." Watu walicheka. Alikunja karatasi yake akaketi. Aliimba miezi miwili zaidi, kisha hakuja tena. Wimbo ule usiomalizwa niliowaambia, ule wa kwenye faili ya kijani, ni wake. Sijui ni nani aliyeuokota akauweka pale. Nimeusoma juzi kwa utulivu. Solfa ina makosa, ndiyo. Lakini kiitikio chake ni kizuri. Ni kizuri kuliko changu cha umri ule.

Kwa hiyo kabati letu lina pengo la miaka saba, na sehemu ya pengo hilo ni mimi. Hamu ya mtu haipungui yenyewe kila mara. Wakati mwingine kuna aliyeimwagia maji. Nimempigia simu kijana huyo, nimemwomba radhi, na nimemwalika kwenye sherehe. Alinijibu kwa upole. Hakuniahidi kitu, na ana haki.

Kutoka hapo nimejifunza jinsi ya kupokea wimbo wa mtu, nanyi walimu wa sasa naomba mlipokee hili. Mtu akikuletea wimbo, keti chini kwanza. Uimbe wote mpaka mwisho bila kusimamisha. Mwonyeshe mahali palipokupendeza, upataje hasa: "hapa, kwenye silabi hii". Kisha mwonyeshe kosa moja la kurekebisha, moja tu. Makosa mengine yatangoja. Maneno yakishakaa vizuri, myapeleke kwa Baba Paroko na kamati ya liturujia wayaangalie kabla hayajaingia kwenye Misa. Hilo ni ulinzi kwa mtunzi na kwa waumini. Lakini solfa mbaya hurekebishwa kwa dakika ishirini kwenye kinanda. Moyo uliovunjika sijui kinanda chake.

Na msitunge peke yenu. Mohr alikuwa na Gruber. Mimi nilikuwa na rafiki yangu. Tangu Pasaka nimeketi kila Jumatatu jioni na msichana mmoja wa sauti ya kwanza, mwanafunzi wa kidato cha tatu, anayeandika insha za kupendeza na asiyejua solfa hata kidogo. Ananiletea mistari kwenye daftari la Kiswahili. Mara ya kwanza alipolifungua mezani, nikaona maneno yake yamejaa upande wa kulia, ule uliokuwa mtupu kwangu. Nilimwomba dakika moja, nikatoka nje nikaangalia mahindi. Kisha nikarudi tukaanza kazi.

Ombi langu kwenu ni dogo. Jumatano ijayo kwenye mazoezi, kabla ya kupasha sauti, kila mmoja aje na mstari mmoja. Usiwe na sauti, usiwe na vina, uwe mstari tu wa shukrani kwa jambo moja lililotokea katika parokia hii. Nanyi waumini msio wanakwaya, mnaweza kuwaletea yale mnayoyakumbuka: jina la aliyetoa shamba, siku kengele ilipofika, mvua ya siku ya kutabaruku. Ninyi ndio kisima. Mwalimu atakusanya karatasi zote kwenye kikapu cha sadaka, na tutachagua mstari mmoja kwa kura. Huo ndio utakaokuwa kiitikio cha wimbo wetu wa kwanza baada ya Jubilei. Tutautunga pamoja, hapo hapo, kwa nota tatu.

Ukiwa mbaya, tutautia kwenye faili ya kijani hivyo hivyo, na tarehe juu yake. Wataokuja kusherehekea miaka hamsini wataufungua wajue kwamba mwaka huu tulijaribu.

Nilileta kamba mpya ya faili. Ninamkabidhi Katibu wa kwaya sasa hivi mbele yenu, na naomba aifunge isikazike sana, ibaki nafasi.

Mungu awabariki, na Mtakatifu Sesilia awaombee.

Tumsifu Yesu Kristo.